Udongo wa Tajiri

Walimwita Breki kwa sababu hakuwa nazo. Lori lake lilikuwa nazo, tena nzuri tu. Zilizokosekana ni za mdomoni. Jambo likimuudhi lilitoka kama lilivyoingia, halikupita kooni kusafishwa.

Lakini neno moja alilisema kila siku getini mwa dampo bila kuudhika, nalo lilikuwa la uongo. Neno lenyewe ni "udongo".

Pale getini palikuwa na mizani. Lori la taka lilipimwa, mwenye mzigo akatoa ada. Lori la udongo safi lilipita bure, kwa sababu dampo linahitaji udongo wa kufunikia uchafu. Basi Tajiri, mwenye malori, akawafundisha madereva wake akili: jaza taka, tandaza udongo mwembamba juu, funga turubai, nenda. Madereva waliita kazi hiyo kumvisha bibi harusi shela. Mzee wa mizani anachungulia kutoka kidirishani, anaona wekundu wa udongo, anauliza, "Umebeba nini?" Unamjibu, "Udongo." Geti linapanda. Ukitoka upande wa pili wenzako wanakupigia honi: umeoa!

Wateja walikuwa wamekwisha kumlipa Tajiri hiyo ada. Tajiri alikuwa ameipeleka tumboni. Breki alilijua hilo, na alijisemea kwamba anayeibiwa ni serikali, na serikali ina ndugu gani wa kuililia?

Siku hiyo alifika kwa mama yake kula mchana, akamkuta dada yake mlangoni amebeba mabuti ya kazi, fimbo ya chuma na lile sanduku lake la chupa za kupimia maji. Dada alikuwa mkaguzi wa dampo.

"Vipi, umehama na ofisi?" Breki akatania.

"Ofisi inafungwa Ijumaa."

"Serikali imefulia?"

"Serikali haitabiriki. Mwaka huu fungu letu linakuja, mwaka ujao limepotea njia. Ndiyo maana tukawekewa ada ya getini: anayetupa ndiye amlipe anayechunga. Mwanzoni tulikuwa na gari, mafuta, dawa za kupimia, kila kitu. Sasa hakuna anayetupa taka tena. Mji mzima unatupa udongo! Kwa udongo huo tungekuwa tumejenga mlima mwingine. Kesho wanakaa kikao waifute kabisa ada yenyewe."

Mama akaacha sufuria. Nyumba yake ilikuwa bondeni, chini ya dampo, na kisima chake kilikuwa nyuma ya jiko. "Na kisima changu nani atakipima?"

"Hakuna, Mama. Tangu mvua ziishe hatujakipima. Nimekwambia usinywe."

"Nisinywe, ninywe mate?"

Dada akamgeukia Breki. "Na wewe, siku hizi unabeba nini?"

"Udongo," akasema Breki. Likamtoka kwa mazoea, kama mtu anavyoitikia hodi.

Mama akamsogelea akanusa bega la shati. "Udongo gani huu unanuka dawa ya hospitali na utumbo wa samaki? Mwanangu, mimi ni mzee wa macho. Pua yangu bado binti."

Breki akasukuma sahani. Alitoka bila kuaga, na njia nzima alikuwa akilitukana lori, akiutukana usukani, akiwatukana mbuzi waliokatiza barabara. Mbuzi hawakuwa na kosa lolote.

Kesho yake asubuhi lori lilikuwa limejaa, bibi harusi kavishwa shela tayari. Tajiri alipita akiwa amevaa suti, anapiga bodi la lori kama mtu anayempongeza punda. "Wahi dampo, kijana. Mimi naenda ukumbini. Leo hiyo ada tunaizika."

Breki aliwasha gari. Kwenye njia panda, kushoto ni dampo, kulia ni ukumbi wa halmashauri. Akakata kulia.

Aliliacha lori nje, akaingia kwa mlango wa nyuma, akasimama ukutani. Tajiri ndiye alikuwa na kipaza sauti.

"Waheshimiwa, tujiulize, kwa nini ada haileti kitu? Kwa sababu mji umestaarabika! Malori yangu yanabeba udongo mtupu. Sasa udongo unahitaji mkaguzi wa nini? Udongo unahitaji jembe!"

Ukumbi ukacheka. Dada alisimama. Mwenyekiti, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akamwonyesha kiti kwa kalamu. "Mkaguzi, kaa. Utaitwa."

"Nimeambiwa hivyo tangu saa mbili, mheshimiwa."

"Basi umeshazoea. Kaa."

Breki akapaza sauti kutoka ukutani. "Mimi nina la kusema!"

"Wewe nani?"

"Dereva."

"Madereva wana chama chao. Andika barua, upitishe kwa katibu." Wakacheka tena, na aliyecheka zaidi ni Tajiri, ambaye alikuwa bado hajamtambua dereva wake mwenyewe. Miaka yote hiyo alikuwa akiangalia lori tu.

Hilo ndilo lililommaliza. Breki alimtazama dada yake amekaa na mikono mapajani kama mtoto aliyefukuzwa mezani, akatoka.

Alirudisha lori nyuma taratibu, mlinzi akimwelekeza kwa heshima zote, "Njoo, njoo, njoo, kata kidogo," akidhani ameleta viti. Matairi yalipogusa ngazi za ukumbi, Breki akavuta mpini wa kumwagia mzigo. Bodi likapanda.

Udongo ulitangulia, kidogo tu, shela la watu. Kisha akashuka bibi harusi mwenyewe: glavu zenye damu, nepi, makopo ya rangi yanayochuruzika, vichwa vya samaki, mifuko myeusi iliyopasuka, sindano zikimeta juani. Vikateremka vikijaza ngazi mpaka mlangoni. Mlinzi alikimbia na kofia ikabaki. Harufu haikusubiri kukaribishwa. Iliingia kwa madirisha yote, na waheshimiwa wakatoka wameziba pua kwa ajenda za kikao.

"Nani amemwaga taka hapa?" Mwenyekiti akapiga kelele.

"Taka?" Breki aliruka chini. "Taka ziko wapi, mheshimiwa? Huo ni udongo! Muulize Tajiri, mzigo ni wake, lori lake, jina lake limeandikwa mlangoni! Kila siku nimeupitisha getini kama udongo kwa amri yake. Mama yangu anakunywa udongo huu! Haya, leteni jembe, si mlicheka?"

Tajiri akawa mkavu. "Mwendawazimu huyu. Simjui."

"Lori unalijua?" Mwenyekiti akauliza.

"Lori... lori ni langu."

"Basi nijibu hilo moja. Hiki nilichosimama ndani yake, ni udongo au ni taka?"

Tajiri aliangalia ngazi. Akisema taka, ameingia kwenye ada ya huo mzigo na ya mizigo yote iliyopita. Akisema udongo, kuna nepi imelala juu ya kiatu cha mwenyekiti. Alifungua mdomo, inzi akamkaribia, akaufunga.

"Kama ni udongo tupandie maua!" mtu akasema nyuma.

"Ni... mchanganyiko," Tajiri akasema.

"Mchanganyiko unatozwa kama taka," Dada akadakia. Hakuitwa, na safari hii hakuna aliyemwambia akae. "Ndiyo kanuni ya getini. Lori hili litapakiwa, litapimwa, na mwenyewe atalipa. Na mizigo ya malori yake yote kuanzia leo nitaichoma kwa fimbo ya chuma mpaka chini, lori moja moja."

Breki alimwendea akicheka, mikono ameifungua. "Dada! Ofisi imepona!"

Dada alimsukuma kifuani. "Umemwaga sindano mita chache kutoka shule. Chukua koleo."

"Lakini nime..."

"Koleo!"

Alipakia mpaka jua likawa utosini. Tajiri alisimama kivulini akidai funguo zake, na mwenyekiti akimjibu kwamba atazipata lori likishapita mizani. Kikao kiliahirishwa. Ada iliachwa kama ilivyo. Wengine walisema ni kwa sababu ya haki, wengine wakasema ni kwa sababu hakuna aliyeweza kuingia tena mle ndani kupiga kura.

Getini, mzee wa mizani alichungulia. "Umebeba nini?"

"Taka."

"Nini?"

"Taka, mzee! Taka! Nikuimbie?"

Mzee alitafuta muhuri wa TAKA kwenye droo. Wino ulikuwa umekauka kwa kukosa kazi. Akautemea mate, akagonga mara tatu ndipo ukashika. Nyuma, kwenye foleni ya madereva wenzake, hakuna aliyepiga honi. Walikuwa wanamtazama Dada amesimama na fimbo yake ya chuma.

Ijumaa ofisi haikufungwa. Gari lilitiwa mafuta kwa ada zilizoanza kuingia, na safari yake ya kwanza ilikuwa bondeni, nyuma ya jiko la mama yao. Dada alichota, akatia dawa, akasubiri. Breki, ambaye sasa hakuwa na kazi, alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akiangalia chupa ikibadilika rangi.

"Kwa hiyo ninywe au nisinywe?" Mama akauliza.

"Usinywe, Mama. Si kunywa tu, hata kupikia usiyatumie."

Mama alikiangalia kisima chake. Kisha akamwangalia mwanawe, si kwa hasira ya kupiga kelele, bali ile nyingine. Akamwondoa kwenye ndoo, akaigeuza, akampa mkononi.

"Bomba liko kule juu kwenye lami," akasema. "Na ukirudi nitakuuliza umebeba nini."