Siku Mama Mkwe Alipoagiza Supu

Alikuwa mkunga, na nusu ya watu wa mtaa wake walipokelewa duniani na mikono yake. Hata baada ya kustaafu aliweza kukutana sokoni na mwanamume mzima mwenye ndevu akamwambia mbele ya watu, "Wewe ulitanguliza miguu, ndiyo maana mpaka leo huna subira." Watu walimpenda na kumwogopa kwa pamoja.

Alizaa mabinti watupu, na aliyempa mawazo ni kitindamimba. Binti huyo aliolewa na fundi wa kuchomelea vyuma, kijana mwenye mikono mikubwa na maneno machache, na mama aliridhika naye. Lakini harusi haijasahaulika vizuri, fundi akauza mashine yake, akakodi nyumba ya kona karibu na kituo cha mabasi, akafungua baa.

Mama hakugombana na mtu. Aliacha tu kumwita mkwe. Akawa "yule bwana." Yule bwana hajambo? Yule bwana anakula? Binti alipomwalika aje aone mahali penyewe, alijibu kwamba miguu inamsumbua, na kesho yake miguu hiyohiyo ikampeleka sokoni na kumrudisha na kikapu kimejaa. Sababu aliijua mwenyewe. Baba yake alikuwa mlevi. Utotoni, yeye ndiye aliyetumwa kumfuata kilabuni, akamshika mkono barabarani huku watoto wenzake wakichungulia madirishani. Tangu hapo, harufu ya pombe kwake ilikuwa harufu ya aibu.

Sasa, maneno ya watu hayana breki. Jirani mmoja alimwambia kwamba pale kwa mkwewe watu wanacheza juu ya meza. Mwingine akasema kasikia binti amekonda hadi nguo zinamning'inia. Mama alisikiliza, akameza, akasikiliza tena, mwisho akajiambia kwamba kusikia si kuona. Jumapili moja mchana alivaa gauni lake la bluu, akachukua mwavuli wa kujikinga na jua, akaondoka bila kumwambia mtu.

Kibao ndicho kilichompokea. Mchoraji alikuwa amekosea akageuza mbao, kwa hiyo nje ya mlango paliandikwa KARIBU TENA, na neno KARIBU peke yake likawa ndani, la kuwaaga wanaotoka. Mama alisimama akasoma mara mbili.

"Tena?" alinong'ona. "Kwani nilikuja lini?"

Akaingia.

Hapakuwa na mtu juu ya meza. Sakafu ilikuwa bado na unyevu wa deki, madirisha yote wazi, na redio ilipiga wimbo wa zamani kwa sauti ya chini ambayo haikumzuia mtu kuongea. Viti vilikuwa vya chuma, vimechomelewa kwa mkono, na kila kimoja kilikuwa na mgongo wake, kingine wa mviringo, kingine wa maua. Wazee wawili walicheza drafti. Mume na mke walikula viazi huku mtoto wao amelala kwenye mapaja ya baba. Paka alijinyoosha juu ya friji ya soda kama mwenye hisa.

Akaja mhudumu mmoja mrefu ambaye wateja walimwita Haraka, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha.

"Shikamoo, mama. Karibu."

"Marahaba. Mna nini?"

"Bia, soda, maji, chai. Cha kula ni supu, kuku wa kuchoma, viazi na maharage."

"Na mwenyewe yuko wapi?"

"Kaenda kuchukua mkaa. Mkewe yuko saluni. Una shida nao?"

"Bado sijajua," alisema mama. "Nipe soda. Na hiyo supu."

Haraka aliondoka kwa mwendo wa bwana harusi. Kiti kilichobaki kilikuwa kwenye meza ya dirishani, walipokaa kinyozi wa mtaa na mwanamke muuza nguo aliyejulikana na wote kama Mama Mitumba. Walimsogezea kiti bila kuombwa.

"Mgeni hapa, mama?" aliuliza kinyozi.

"Mgeni kabisa. Hebu niambieni, hapa pakoje? Mtu akitaka kuja na watu wake, aje?"

Kinyozi alipangusa povu mdomoni, akakaa sawa. Ungedhani swali hilo alikuwa akilisubiri tangu azaliwe.

"Nitakwambia kweli tupu, maana mimi si ndugu yao. Bia ya hapa ni baridi. Hapo sina neno. Baridi mpaka jino bovu linajitaja lenyewe."

"Lakini kuku," alisema Mama Mitumba.

"Kuku tusimseme mbele ya mgeni."

"Msemeni," alisema mama.

"Haya. Kuku wa hapa ni mwanariadha, mama. Ukimtafuna Jumamosi, Jumatatu taya bado linakudai. Mwenye baa alikuwa fundi wa vyuma, na naona kazi ya mwanzo haijamtoka mikononi."

"Viazi ni vizuri," Mama Mitumba aliongeza, kwa haki. "Ila chumvi. Huwa wanatia kama wana hasira na mtu."

"Na muziki?" aliuliza mama.

"Nyimbo za zamani tu," alilalamika kinyozi. "Tumemwomba abadilishe. Anasema nyimbo za siku hizi zinawafanya watu wanywe mbiombio. Sasa niambie, mama, umewahi kuona muuza bia anayewaonea huruma wanywaji?"

Supu ilikuwa imefika. Mama aliivuta karibu akitafuta kosa, kwa kuwa alikuwa ametoka nyumbani na nafasi ya kosa tayari moyoni. Akachota kijiko kimoja. Tangawizi ilitangulia, ikafuata ndimu, kisha pilipili manga kwa mbali, na mwisho ule utamu wa mfupa uliochemka asubuhi nzima. Kijiko kilisimama hewani. Aliijua supu hii. Ni yeye aliyewapikia wanawake walioamka kutoka kitanda cha uzazi wakiwa hawana hata nguvu ya kushika mtoto, na binti yake wa mwisho alikuwa akisimama pembeni ya jiko akimwuliza kwa nini ndimu inatiwa mwisho.

"Unaona?" alisema kinyozi. "Supu hiyo tunaisifu mpaka basi. Mke wa mwenye baa ndiye anayeipika. Mtu akizidisha pombe hapa, hauziwi tena. Analetewa bakuli, apende asipende."

"Mimi niliipata bila kupenda," alisema Mama Mitumba.

Alizungusha glasi yake polepole juu ya meza kabla ya kuendelea.

"Mume wangu alipofariki, nilikuja hapa na nia ya kunywa mpaka nisahau jina langu. Nikaagiza, nikaagiza. Nilipoita nyingine, mwenye baa akaniletea supu. Nikamtukana, mama. Nikamtukana yeye, nikapanda kwa ukoo wake, nikashuka kwa watoto ambao hata hajawazaa. Akasimama palepale. Akasema, 'Tukana tu, mama, lakini inywe ikiwa moto.' Kisha mkewe akanishika mkono mpaka kwangu, na yeye akatangulia na tochi ili nisijikwae. Kesho yake hawakumwambia mtu. Mimi ndiye ninayewaambia watu."

Mama aliweka kijiko chini. Aliitazama mikono ya Mama Mitumba juu ya meza, na kwa muda hakuwa pale. Alikuwa kwenye barabara ya zamani yenye madirisha mengi, ameshika mkono mzito wa mtu mzima, na hapakuwa na mtu wa kutangulia na tochi.

Kinyozi hakupenda meza inyamaze. Kunyamazisha watu hakukuwa kazi yake hata kwenye kiti chake cha kunyolea.

"Huyo bwana ana ugonjwa mmoja tu," alisema. "Anamwogopa mama mkwe wake. Anamwogopa kama paka anavyoogopa ndoo ya maji."

"Kwa nini?" aliuliza mama.

"Hukusikia habari za harusi? Niazime mwavuli, nikuonyeshe."

Kabla hajajibu, mwavuli ulikuwa umeondoka. Kinyozi alijifunga taulo ya kaunta kichwani, akatoa kifua mbele, akasimama katikati ya baa. Wazee waliacha drafti. Baba mwenye mtoto aligeuza kiti. Ilionekana wazi kwamba mchezo huu ulikuwa na wapenzi wake.

"Wewe fundi," alianza kinyozi kwa sauti nyembamba na kali, akimnyooshea mwavuli mtu asiyekuwepo. "Mimi binti yangu nimemlea kwa maji na sabuni. Siku nitakayosikia ananuka pombe, nitakuja kumchukua, na wewe nitakuchemsha kwenye sufuria."

Baa nzima ikacheka. Mzee mmoja alipiga meza hadi kete zikahama, na mwenzake akafurahi kwa sababu alikuwa anashindwa.

"Hakusema hivyo," alisema mama.

Kinyozi aligeuka, bado ana taulo kichwani. "Alisema hivyo, mama. Mimi nilisimuliwa na mtu aliyekuwepo."

"Alikudanganya. Hakusema atamchemsha. Alisema atamkamua kama nguo, kisha amwanike. Wala hakupaza sauti. Mtu akiwa na maneno ya kweli hapazi sauti."

"Kwani wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Ni mimi niliyesema."

Redio iliendelea peke yake. Kinyozi alishusha mwavuli kama mtu anayesalimisha silaha. Hapo ndipo wateja waliona jambo ambalo baadaye walilisimulia kuliko yote mengine ya siku ile. Haraka alikimbia. Alitoka kaunta kwa mbio, akamnyang'anya kinyozi mwavuli, akaupangusa kwa mkono wa shati, akaurudisha kwa mwenyewe kwa mikono miwili.

Wakati huohuo mwenye baa akaingia na gunia la mkaa begani, uso mweusi tii. Alipiga hatua mbili ndani, akamwona aliyekaa dirishani, na miguu ikamgomea.

"Shikamoo, mama," alisema chini ya gunia.

"Marahaba. Tua mzigo, utavunjika shingo bure."

Alitua. Akajaribu kujipangusa uso, akazidisha weusi.

"Nimepokewa vizuri," alisema mama, "na nimeambiwa yote." Mwenye baa alimtazama kinyozi, na kinyozi akamtazama paka. "Kuku wako wanalalamikiwa."

"Najua, mama."

"Na chumvi ya viazi."

"Hiyo ni ya Haraka."

"Usimsingizie mtu."

"Ni yangu, mama."

Mwenye baa akavuta pumzi. "Na supu?" aliuliza, kwa sauti ya chini kama inayojificha.

Mama aliinamisha bakuli ili alione. Lilikuwa tupu, hata kile kipande cha ndimu kilikuwa kimekamuliwa.

"Huyu mama anasema ulimnyima pombe siku ya msiba wake. Muuza bia anamnyima mteja?"

Mwenye baa alimtazama Mama Mitumba, akaona haya kidogo, kama mtu aliyefumaniwa. "Siku ile hakuwa na kiu, mama," alisema. "Alikuwa amefiwa."

Mama akamwonyesha kiti cha mbele yake, na mwenye baa akakaa ukingoni, mkaa na yote.

"Baba yangu hakupata mtu wa kumnyima," alisema mama taratibu. "Mimi ndiye nilikuwa nikimfuata. Nilikuwa mdogo, na yeye alikuwa mzito."

Jambo hilo hakuwahi kulisema nyumbani, si kwa mumewe, si kwa mabinti. Mwenye baa alichukua chupa ya soda iliyokuwa imebaki nusu, akammiminia mpaka tone la mwisho.

"Haya," alisema mama, akijinyoosha. "Niletee kuku, mkwe."

"Kuku, mama?"

"Nataka nijue kama watu hawa ni waongo."

Kuku aliletwa. Mama alichagua paja, akauma, akatafuna. Akatafuna tena. Wazee wa drafti walisimama ili waone vizuri. Mama Mitumba aliziba mdomo kwa kanga. Mama alihamisha nyama kutoka shavu hili kwenda lile, akapumzika kidogo, akaendelea na safari. Hatimaye alimeza, akapangusa midomo, akamgeukia kinyozi.

"Baba, wewe ni mtu mwema," alisema. "Makosa ya kuku huyu uliyapunguza mno."

Baa ililipuka. Mwenye baa mwenyewe alicheka mpaka machozi yakamchorea mistari kwenye masizi ya mashavu. Na mama, aliyekuja na mdomo wake umefungwa kama mkoba, alicheka kwa sauti nene, mikono tumboni.

Sauti hiyo ilimkuta binti barabarani akitoka saluni. Alipunguza mwendo. Aliijua, lakini hakuwa ameisikia tangu baba yake alipokuwa hai, na miguu ikamwongoza mlangoni kabla akili haijakubali. Alimkuta mume wake mweusi kama sufuria, kinyozi amefunga taulo kichwani upya, na mama yake mzazi katikati ya baa akimrekebisha mabega.

"Shingo juu. Na mwavuli usimnyooshee mtu, uegemee. Mimi siyo askari."

"Mama," alisema binti. "Umefika saa ngapi?"

"Kaa chini kwanza," alijibu mama bila kugeuka. "Mtu ananiiga hapa, na bado hajanipata."