Pichi Moja Ndani ya Soksi

Mpichi uliota wenyewe nyuma ya jiko, pale tunapomwaga maji ya vyombo. Mwaka huu ulizaa mapichi manne, meupe pe, ambayo mtaani hakuna aliyewahi kuyaona. Nikamwita mtaalamu wa matunda aje aseme kama ni aina mpya. Akaahidi kuja Jumamosi. Kufikia Ijumaa lilibaki moja. Nililivika soksi yangu, nikakaa chini yake kwenye ndoo, nikiwatukana popo na ukoo wao wote.

"Hata mimi hujawahi kunilinda hivyo," mke wangu alisema.

Mtaalamu alikuja, akalipima, akalipasua. Nyama yake ilikuwa nyekundu. Kisha akafunga daftari.

"Mzee, moja halitoshi. Huenda limejiharibikia tu. Ningepata hata kokwa za mengine, nifananishe."

Nikamwonyesha matawi matupu. "Popo wameyamaliza, bwana."

Mke wangu alikohoa. Akaingia jikoni, akatoka na kopo la chumvi. Ndani mlikuwa na kokwa tatu, zimeoshwa zikatakata.

"Niliogopa ungeninunia," aliniambia bila kunitazama.

Mtaalamu alizipanga zote nne, akainama. Zote zilikuwa laini, bila ile mikunjo ya kokwa za pichi.

"Hii sijawahi kuiona," alisema, akifungua tena daftari. "Na ladha yake je?"

Nilimnyooshea mke wangu kidole. "Muulize popo."