Moshi wa Duara la Jirani

Kamba ilikuwa imeshafungwa kiunoni mwa kaka yangu Stanslaus simu za wachimbaji zilipolia kwa pamoja. Ujumbe ulikuwa wangu, wa neno moja: Ingieni.

Programu iliyoutuma niliiandika mwenyewe, katika chumba cha kupanga pale Katoro, katikati ya kutunga mashairi, na yote mawili hakuna aliyenifundisha. Duara lolote, kama tunavyoliita shimo la machimbo, likilipuliwa baruti, ujumbe wake uliingia kwenye foleni pamoja na muda wa kusubiri moshi utoke. Nyuzi kadhaa za programu, yaani vibarua wake wa ndani, zilikaa mlangoni pa foleni kwa wakati mmoja, kila uzi ukitaka kazi, lakini foleni haikutoa kitu ambacho muda wake haujatimia. Niliwatambia wachimbaji kwamba foleni yangu haijui haraka wala woga.

Stanslaus aliweka mguu kwenye gogo la kwanza la kushukia. Moshi mwembamba ukapanda kando ya goti lake. Duara letu lililipuliwa asubuhi. Lililolipuliwa punde lilikuwa la jirani, la Mama Dorah.

"Panda," nilimwambia.

"Ujumbe umefika," alisema Pantaleo, msimamizi wetu. "Au leo malenga haamini utenzi wake mwenyewe?"

Walicheka. Uso uliniwaka, lakini nikaishika kamba kwa mikono miwili.

"Kwenye foleni nimeandika maduara mawili. Huko chini yako mangapi?"

Kicheko kikakatika. Machimboni, mashimo mawili yakitobozana chini ya ardhi, watu hunyamaza. Ukisema, jirani atakuja kuuliza mawe ya pale katikati ni ya nani.

"Moja," Pantaleo alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Tangu wiki iliyopita."

Stanslaus akapanda. Hakuna aliyenishukuru, nami sikungoja shukrani.

Baadaye niliirekebisha programu: mojawapo ya maduara yaliyotobozana likilipuliwa, ujumbe wa zamani unaondolewa na yote mawili yanaanza kusubiri upya. Machimbo kadhaa hadi Ushirombo yanaitumia sasa.

Siku ile, hata hivyo, hapakuwa na la kufanya ila kukaa. Stanslaus aliketi juu ya kifusi, kamba bado kiunoni.

"Moshi haujaisha, mdogo wangu," alisema. "Haya, tusomee shairi."

Nikasoma. Ng'ambo, watu wa Mama Dorah waliweka sululu chini, wakasogea kusikiliza. Pantaleo aliwatazama wakija, kisha akawapisha kivulini.