Kiondo Kilichokataa Kufungika

Mtaro wa intaneti ulishachimbwa kutoka barabara ya Kyumbi mpaka mtaani kwetu, na kesho yake mafundi wangeufukia. Ugomvi ulikuwa juu ya bomba la kupitishia nyaya. Mimi nilitaka bomba pana. Muthoka, mwenyekiti wetu, alitaka jembamba kama mrija wa soda.

"Mzee, kila mwaka tunaongeza kidogo tu," akasema. "Hilo lako ni la kupitisha ng'ombe!"

"Hatuongezi, mwenyekiti. Kila mwaka ni mara mbili ya uliopita. Juzi ulikuwa unatuma picha. Leo mjukuu wako Carol anaionyesha dunia nzima video akiosha mbuzi."

Majirani waliokuwa pale mtaroni wakacheka wote. Lakini tukifukia jembamba, likijaa itabidi tuchimbe upya, na mgongo wangu ulishakataa jembe. Nikarudi nyumbani nimenuna. Mke wangu Ndila alikuwa ameanza kusuka kiondo, kile kikapu chetu cha mkonge.

"Kila mzunguko uwe mwaka," nikamwambia. "Na kila uzi uzae mwenzake mwaka unaofuata."

"Kiondo hakisukwi hivyo, baba Mumo."

"Ndiyo maana nataka kisukwe hivyo."

Akasuka usiku kucha. Mwanzoni kililala kama sahani. Kisha ukingo ukakosa nafasi, ukaanza kujikunja marinda kama sketi ya bi harusi. Kuku wakaingia kwenye marinda wakakosa njia ya kutoka. Mkonge ukaisha Kangundo nzima. Kiondo kikatoka mlangoni, kikafika barabarani, askari akakiandikia kosa la kuegesha vibaya.

Asubuhi Muthoka alikuja kusimamia ufukiaji. Akajikwaa kwenye ukingo.

"Hii ni nini?"

"Ni intaneti yetu. Katikati ndiyo miaka yako ya kuongeza kidogo. Fuata marinda uone mbele."

Akaingia kwa dharau. Baada ya muda tukasikia sauti tu.

"Mzee! Huku ni mwaka gani?"

"Umeona nini?"

"Kuku!"

"Basi hata hujaondoka. Endelea!"

Halafu, kutoka mbali kabisa: "Aii! Wekeni bomba pana! Wekeni, halafu mje mnitoe!"

Tuliliweka kwanza, asije akabadilisha mawazo, ndipo tukamfuata. Akina mama wa Kyumbi bado wanasukia nyuzi za kiondo kile. Kuku mmoja tu hajarudi. Ndila anamlilia, lakini mimi najua yuko mwaka wa ishirini, anatutagia mayai.