Mara Kumi na Moja Nilifumba Macho

Tangu mume wangu atangulie mbele ya haki, mimi ndiye ninayekalia kiti chake katika duka la kukodisha filamu. Duka ni la mdogo wake, shemeji yangu. Bila kiti hicho ningeshinda nyumbani nikizungumza na masufuria. Wateja wakipungua, natazama filamu, kisha nabandika kikaratasi kwenye jalada ili mtu ajue anachobeba.

Ile ya wezi wa benki: "Wanakamatwa. Mwenye ndevu ndiye aliyewasaliti." Ya vita: "Wanakufa wengi, hazikwi hata mmoja." Ya zimwi la baharini: "Ni mpira. Zipu inaonekana mgongoni." Ya vichekesho: "Nilicheka mara moja, mlango ulipompiga yule mnene."

Jumatatu shemeji alivisoma vyote, akashika kiuno.

"Shemeji, unaniua. Ukishamtaja mwenye ndevu, mtu akodi atazame nini?"

"Atatazama kwa amani. Moyo hautamwenda mbio."

Fundi viatu, mteja wetu wa siku zote, alidakia kutoka mlangoni. "Mama Vikaratasi ana haki. Ile ya mzimu nilisoma kikaratasi tu, nikaiacha palepale. Nililala usingizi wa mtoto."

"Umemsikia?" shemeji akasema. "Mteja anajisifu kwamba hakodi."

Akaweka mezani filamu mpya ya mapenzi, nakala ishirini. "Hii uisifu. Ikidoda hadi Jumamosi, kiti nampa binamu ya mke wangu. Yeye hatazami filamu kabisa."

Nikaitazama. Mimi nina desturi yangu: mambo ya chumbani yakianza, nafumba macho mpaka muziki ubadilike. Siku hiyo muziki uligoma kubadilika. Kila nikifumbua, nakuta hadithi imenipita. Mwishoni yule binti alikuwa ameolewa na mwanamume ambaye sijawahi kumwona.

Sasa nisifu nini? Kusifu nisichokiona ni uongo. Kiti nilikitaka, Mungu anajua, ila sikutaka kukikalia juu ya uongo. Nikasali, kisha nikaandika yale tu ninayoweza kuyaapia:

"Nimefumba macho mara kumi na moja. Niliyoyaona ni mazuri. Kuna bustani."

Kufika Ijumaa mchana hakukubaki nakala hata moja. Fundi viatu alichukua mbili.

"Ya pili ya nani?"

"Ya kaka yangu."

Mama yake nilimfahamu vizuri. Alizaa mmoja tu.

Jirani ninayesali naye alikuja pia, akaifukia ya kwake chini ya mboga kikapuni. "Nataka kuona hiyo bustani," akasema, bila kunitazama usoni.

Jumamosi shemeji alikifuta kiti vumbi kwa mkono wake, akanikaribisha nikae, halafu akanipangia filamu tatu nyingine.

"Andika vilevile, shemeji. Idadi tu, inatosha."

Nilikaa, lakini roho haikutulia. Je, ninaonya watu au ninawaita? Nikaona dawa ni ileile, kusema kweli hata isipomfaa mtu. Ya kwanza nikaitazama yote, nikampa shemeji kikaratasi akisome kabla sijabandika:

"Mara mbili. Moja nilikuwa nasinzia."

Akakisoma, akakirudia, akashusha pumzi.

"Ya kusinzia huwezi kuiacha?"

"Siwezi."

"Basi bandika," akasema, akanisogezea gundi.