Bahari Mbili Uani kwa Mama Rachida

"Bagamoyo hapana! Nani atazunguka Afrika nzima kwa sababu ya babu ya babu?" Iliasi alikuwa akipiga kelele kutoka Kinshasa, na simu ikatetemeka juu ya kinu kilichopinduliwa, mahali pekee katika ua ule wa Kasongo ambapo rezo ya simu ilishika.

"Basi Muanda mwende wenyewe," Sifa akajibu kutoka Lubumbashi. "Babu alitoka Bagamoyo mpaka Kasongo na miguu yake. Weye unashindwa na ndege?"

"Abedi, sema kitu!"

"Mimi popote penye wifi," alisema Abedi, mdogo wao, aliyeishi Ulaya na aliyekuwa akitafuna kitu.

Mama yao, aliyeitwa Mama Rachida kwa jina lake mwenyewe, alikuwa ameketi kwenye kigoda, akichambua mchele, miguu yake ndani ya maji mpaka vifundoni.

Jambo lenyewe lilikuwa dogo. Watoto hao watatu walitaka kukodi nyumba moja pwani wakati wa likizo, na walishindwa kukubaliana mji. Siku Iliasi alipotaja Muanda, pwani ya Kongo, kwa mara ya kwanza, bahari ya Muanda iliingia uani kwa mlango wa nyuma, nzito, ya rangi ya chai, ikasimama karibu na jiko. Kesho yake Sifa alitaja Bagamoyo, ikaja bahari ya Bagamoyo, ya kijani, pamoja na kaa wadogo waliokimbia upande upande mpaka chini ya kitanda. Tangu hapo bahari zote mbili zilikaa uani, zikijaa na kupwa kufuatana na nani kati ya wale wawili anaongea kwa nguvu zaidi.

Mama Rachida hakuwaficha.

"Bahari zenu ziko hapa kwangu," aliwaambia. "Zimelowesha mpunga wote niliouanika."

"Pole, mama," alisema Iliasi. "Anika kwa jirani." Kisha akarudi kwenye habari za Muanda.

Watu wa mtaa walizoea upesi. Walikuja na bidoni kuteka maji ya kupikia sombe, yale majani ya mihogo, maana yalikuwa na chumvi yake tayari. Imamu aliyaonja, akasema yanafaa kutawadhia. Pikipiki zilitoka mbali, hata mji wa Wamaza, zikiwa na wagonjwa wa ngozi, wakaoga, wakauliza kama samaki wanauzwa, wakaambiwa hapana, wakarudi kwao kabla giza halijaingia. Aliyekasirika ni Jeannette peke yake, mkulima aliyepakana na ua huo.

"Mama Rachida, bahari yako imeua mihogo yangu."

"Si yangu. Ile ya chai ni ya Iliasi, ile ya kijani ni ya Sifa."

"Basi waambie wachague! Mutu anachagua bibi wa maisha yote kwa siku moja, mahali pa kulala wiki mbili panamushinda?"

"Nitawaambia."

Hakuwaambia. Katika familia ile, tangu enzi za mama mkwe wake, kikao hakifungwi mpaka mama mwenye nyumba aseme "Imepita." Watoto wanaweza kukubaliana mpaka sauti zikauke, mama asiposema, hakuna kilichokubaliwa. Hata Abedi huko Ulaya aliogopa kuivunja desturi hiyo. Na Mama Rachida alikuwa hajasema, kwa makusudi. Kabla ya mambo ya likizo, simu ya watoto ilikuja siku ya Idi, au mtu akifa. Sasa ilikuja kila jioni.

Alikuwa na diploma yake, alikuwa amefundisha jiografia sekondari mpaka nywele zikawa nyeupe, na hakuwa mtu wa kujidanganya. Alijua kwamba hawampigii yeye, wanapigiana wao. Lakini mara mojamoja, katikati ya ugomvi, mmoja aliuliza, "Mama, uko?" naye akajibu, "Niko." Kwa hiyo kila moto ulipotaka kuzimika, alitia ukuni. Iliasi akielekea kushinda, alisema, "Muanda nasikia iko mbu kama mvua." Sifa akielekea kushinda, alisema, "Bagamoyo maji yanakwenda mbali. Mutashinda munafukuza bahari." Wakawaka upya, maji yakapanda, na jikoni akalazimika kuinua mafiga juu ya meza.

Jioni hiyo Iliasi alichoka kupiga kelele kabla ya wenzake.

"Sifa, sikia. Nimepata nyumba Muanda. Baraza inaangalia maji. Vyumba vinne. Mimi na bibi yangu Estelle kimoja, weye na bwana yako kimoja, Abedi kimoja, watoto wote kimoja."

"Jenereta iko?"

"Iko."

"Haya, Muanda basi. Nimechoka na weye."

Maji ya kijani yalishuka chini ya vifundo. Mama Rachida aliweka ungo mapajani.

"Na mimi nalala wapi?"

Mawimbi ya rangi zote mbili yalisimama kimya, kama darasa mkaguzi anapoingia.

"Mama," Iliasi alisema hatimaye, kwa sauti yake ya ofisini, "pikipiki kutoka hapo mpaka uwanja wa ndege wa Kindu, na mgongo wako? Barabara unaijua mwenyewe. Tutakutumia video."

"Video nyingi," aliongeza Sifa.

"Basi mukuje huku. Vyumba viko, nafagia kila Ijumaa. Na bahari iko."

"Mama na mizaha yake!" alisema Abedi, akacheka. Wakacheka wote. Mama Rachida naye alicheka, kwa kuwa walikuwa hawajacheka pamoja siku nyingi.

"Sasa utuambie tu 'imepita'," alisema Iliasi. "Unajua bila neno lako hatutoki."

Alijua. Angetaja Bagamoyo mara moja tu, Sifa angeruka, na kesho wangepiga tena, na keshokutwa. Ng'ambo ya ukuta wa matete Jeannette alikuwa aking'oa mihogo iliyokauka, akiitupa kwenye lundo. Mama Rachida alimtazama mpaka akamaliza tuta.

"Muanda," alisema. "Imepita."

"Asante, mama! Tutakupigia!" Abedi alikata kwanza, kisha Sifa, kisha Iliasi.

Bahari ya kijani iliondoka mara moja, ikapita langoni na kaa wake, ikashika barabara ya Kabambare kuelekea mashariki bila kugeuka nyuma. Ile ya rangi ya chai ilijikusanya taratibu, ikatafuta mteremko wa kwenda mto Lualaba. Ikifika hapo haina shida tena. Maji ya Lualaba huenda mpaka Muanda yenyewe, jambo alilowafundisha watoto wa watu na watoto wake, na hakuna anayeyauliza habari ya mgongo.

Mama Rachida alikaza kitenge, akaisindikiza kama anavyosindikizwa mgeni, akitembea kando yake mpaka njia panda, pale mwenyeji anapoagana na kurudi.

"Ukifika, wasalimie," aliyaambia maji.

Kisha akarudi, akafunga lango.