Aproni ya Waziri

"Hapa mtaani hakuna anayeijua pesa kama mimi," kinyozi alipenda kutangaza, akigonga kitana kiganjani kama hakimu. "Pesa yangu haitoki mpaka iniombe ruhusa." Wateja wakampa cheo bila uchaguzi: Waziri wa Fedha. Kwa wavivu wa kutamka, Waziri.

Tusimseme vibaya, mkono wake ulikuwa na baraka. Kichwa kilichoingia kwake kichaka kilitoka kiwanja cha ndege. Kasoro ilikuwa droo. Hiyo droo ya chini ya kioo, ilimokaa vitana, poda na mapato, haikuwa na tofauti na mfuko wa suruali yake, na mfuko wa suruali yake haukuwa na tofauti na mkono wa jirani. Chai ya benchi zima? Droo. Mchango wa harusi ya watu asiowajua? Droo. Rafiki akishanyolewa akaanza kujipapasa mifuko kwa uso wa msiba, Waziri humwahi: "Nenda zako bwana, kati yetu kuna pesa?" Na kweli, kati yao haikuwepo. Jioni droo ilibaki na poda.

Siku moja mama mwenye nyumba akaingia, akajitupa kwenye kiti cha kunyolea, akajitazama kiooni.

"Mwanangu, kodi ya nusu mwaka naitaka mvua zikiisha. Yote kwa pamoja, sitaki vipande vipande. Yule muuza simu anakitaka chumba hiki, ananipigia asubuhi na jioni. Nimemwambia bado nipo na wewe. Usiniaibishe."

"Mama, wewe lala usingizi," Waziri akacheka.

Mama akaenda kulala usingizi. Aliyekosa usingizi ni Waziri. Chakula hakikupita, na siku ya nne akamkata mteja sikio, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu ashike wembe. Hapo akaona bora aibu ya ndugu kuliko aibu ya mtaa. Akaenda kwa dada yake mkubwa, fundi cherehani.

"Dada, nikopeshe kidogo."

"Nikukopeshe uweke wapi? Kwenye ile droo?"

"Pesa ninayo, dada. Sema haikai."

"Ahaa." Dada akavuta futi iliyokuwa shingoni. "Simama wima."

"Sijaja kushona suti."

"Nyamaza. Inua mikono." Akampima kiuno, akampima kifua, halafu akamshika mkono na kumpima vidole, kimoja kimoja. Waziri akakodoa macho. Tangu lini vidole vikashonewa nguo?

Kesho yake akakabidhiwa aproni ya turubai yenye mifuko mitatu. Wa kulia ulikuwa wazi. Wa kushoto ulikuwa na vifungo. Wa katikati, kifuani, ulishonwa pande zote, ukaachiwa juu upenyo mwembamba kama jicho la mtu anayesinzia.

"Noti iliyokunjwa inapita," dada alisema. "Kidole chako hakipiti, nimekipima. Huo ni wa kodi. Ukilipwa kichwa, ya kodi inatangulia hapo. Kisha ya nyumbani, huku kwenye vifungo. Itakayobaki ndiyo yako, tia kulia, na ukitaka kunywesha chai dunia nzima, inyweshe kwa hiyo hiyo. Droo weka poda."

"Na ikitokea dharura?"

"Dharura ya ugonjwa, njoo kwangu nitafumua. Dharura ya sifa, vumilia."

Siku ya kwanza benchi lilicheka mpaka likataka kuvunjika. "Waziri ana mimba!" Akavumilia. Ikafika zamu ya yule rafiki wa kujipapasa. Akajipapasa mbele, akajipapasa nyuma, akainamisha uso. Waziri akafungua kinywa, akaugusa mfuko wa kifuani.

"Ndugu yangu," alisema, kijasho kikimtoka, "kuanzia leo, kati yetu pesa ipo."

Rafiki akautazama ule mfuko. Kisha, polepole, akainama, akavua kiatu, na kutoka kwenye soksi akachomoa noti nzima! Waziri aliitazama kama aliyeona kuku ameota meno. Miaka yote hiyo soksi ilikuwa imeshiba.

Mfuko wa kifuani ukaanza kunenepa. Usingizi ukarudi bila kuitwa. Chakula kikawa na ladha, na mkewe akashangaa kusikia mtu anaimba bafuni.

Lakini shetani naye ana kazi yake. Mvua zikiwa zinakatika, akapita mchuuzi na mashine mpya ya kunyolea, inanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Bei ya leo tu! Waziri akapapasa mfuko wa kulia, kuna vichenji. Akatupia jicho benchi, akachomoka na wembe hadi kibanda cha jirani, kwa fundi viatu.

"Kaka, sijaja hapa," alimwambia, akakata nyuzi pembeni ya mfuko wa kodi na kuzamisha mkono.

Mkono ukagota. Haukukuta noti mbili tatu, ulikuta ukuta. Noti juu ya noti, laini, zimebanana, zina joto la kifua chake mwenyewe. Hii ya dereva aliyetaka upara. Hii ya bwana harusi. Hii ya yule mtoto aliyemng'ata. Maisha yake yote kazi yake iliishia sakafuni, ikafagiwa ikatupwa. Vile vichwa alidhani vimepita tu, kumbe vimekaa hapa, vinamsubiri. Akasahau mchuuzi, akasahau mashine. Alipotoa mkono, ulitoka mtupu.

"Shona," akanong'ona.

Siku ya kodi, mama mwenye nyumba alikaa kwenye kiti, benchi likajaa mashahidi, dada akafumua mfuko. Noti zikamwagika mapajani mwa mama, zikafurika. Mtu mmoja akasimama bila kujua amesimama. Hata rafiki wa soksi alivua kofia.

"Hizi zote ni vichwa?" mama akauliza kwa sauti ndogo.

"Vichwa tu, mama," Waziri akajibu, akitanua kifua kilichobaki bapa. "Na sikuzigusa! Moyo wangu jiwe. Hata kuziwaza sikuziwaza."

Dada aliinua aproni kwenye mwanga. "Uzi huu mnene wenye nta sio wangu."

"Labda... panya."

"Panya anayeshona?"

"Panya huyo namfahamu," ikasema sauti mlangoni. Fundi viatu alikuwa ameegemea mwimo, nyundo mkononi. "Alikuja kwangu na wembe. Akatia mkono humo, akaganda, mpaka mteja wangu akachoka kungoja. Namwambia toa basi nishone, ananijibu, 'Subiri kaka, bado nasalimiana nazo.' Na machozi yanamchuruzika hivi."

Benchi zima likamgeukia Waziri.

"Zilikuwa nywele," alisema, akitafuta taulo. "Nywele ziliniingia machoni."

"Kwangu?" akauliza fundi viatu. "Kwangu ni viatu tu."